Sosholojia iliyouzwa rahisi

Barua za udahili zikitoka, mzazi wa Kisauni au Likoni, hapa Mombasa, ambaye mwanawe ameitwa kusomea uuguzi hana la kuuliza. Aliyeitwa sosholojia (taaluma ya kuchunguza jamii), historia au falsafa huulizwa papo hapo: ukimaliza, utaandikwa kazi gani? Swali hilo si la kijinga, na wasomi wanaolicheka kwa kawaida wameshaajiriwa. Ila siku hizi limeanza kuulizwa mapema zaidi. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa CBC, mtaala mpya wa Kenya, waliingia Gredi ya 10 wakiwa wameshachagua mkondo, na lengo la serikali linajulikana: asilimia 60 waende sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, 25 sayansi za jamii, 15 sanaa na michezo. Mvutano uliokuwa wa vyuo vikuu umeteremka hadi kwa watoto wa miaka kumi na mitano.

Tuanze na wanaopinga kozi hizi, maana hoja yao inagusa mfuko. Digrii ya miaka minne si karo peke yake. Kuna chumba cha kukodi, chakula, nauli, halafu mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, unaomngoja mhitimu, awe amepata kazi au hajapata. Na ajira za mji huu tunazijua: bandari, forodha, malori, hoteli, biashara, serikali ya kaunti. Katika zote hizo hakuna mlango ulioandikwa "mwanasosholojia". Ndiyo maana utamkuta aliyevaa joho mwaka jana amerudi darasani kusomea uwakala wa forodha, kakaa na vijana waliomaliza kidato cha nne juzi. Mzee aliyeuza kipande cha shamba kumsomesha, utamwambia nini kuhusu fikra pevu?

Viongozi nao hawako nyuma. Katika Afrika Mashariki mkali kuliko wote ni Yoweri Museveni wa Uganda. Kwa miaka mingi amezishambulia kozi za sanaa kwamba hazina faida, na mwaka 2022 serikali yake ilipowapandishia mishahara walimu wa sayansi, walimu wa sanaa waligoma. (Yeye mwenyewe alihitimu Dar es Salaam mwaka 1970 akiwa amesoma uchumi na siasa, lakini hayo tuyaache.)

Kwamba wahitimu wanateseka, sibishi. Ninachobishia ni sababu. Husemwa somo lenyewe ni bovu. Mimi naona somo liliuzwa rahisi, na kitu kikiuzwa rahisi watu hukidharau hata kama kina thamani.

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya kujilipia, na vyuo vingine vya umma vikafuata. Mhandisi hafunzwi bila karakana, wala daktari bila maabara na wodi. Sosholojia, kwa hesabu za mhasibu wa chuo, inataka ukumbi, viti na mhadhiri wa kulipwa kwa saa. Basi ni kozi zipi zingefunguliwa kwanza? Matawi ya vyuo yakamiminika Mombasa, mengine ghorofani juu ya maduka, na masomo ya jioni yakajaa makarani, askari na walimu waliotaka kupanda cheo. Sisemi walikosea, wengi walipanda kweli. Kisha ukaja mtihani wa kidato cha nne, KCSE, wa 2016. Wizi wa mitihani ulipobanwa, waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingia chuo kikuu, wakaanguka hadi chini ya 90,000, kutoka karibu 170,000 mwaka uliotangulia. Serikali iliweza kuwachukua wote, na kisima cha kujilipia kikakauka. Idara zikabaki na wanafunzi wengi, wahadhiri wachache, na sifa ya kuwa kimbilio la waliokosa kozi.

Matokeo yako kwenye duka la fotokopi karibu na geti la chuo. Rafuni kuna matini ya kila kozi, yamefungwa kwa springi, jina la mhadhiri limeandikwa juu kwa kalamu nyekundu, na kurasa za katikati zimefifia kwa kunakiliwa hata Durkheim, mmoja wa waasisi wa sosholojia, amebaki "Durk". Hununuliwa wiki ya mtihani, hukaririwa, hutapikwa kwenye karatasi, basi. Mwanafunzi anaweza kumaliza miaka minne anajua fasili tano za neno jamii, wala hajawahi kukaa nusu siku barazani kwa watu asiowajua akiandika wanavyoishi. Huyo akikosa kazi, sosholojia ina hatia gani? Hakuisoma.

Sasa tuone somo hili likifundishwa ipasavyo lingeufaa nini mji huu. Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko kuna utaratibu wa nyumba bila ardhi. Mtu amejenga nyumba, ni yake, anaweza kuiuza au kuirithisha, lakini kiwanja ni cha mwingine, naye humlipa kodi ya ardhi. Nyumba yenyewe mara nyingi ni ya Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, kila chumba na mpangaji wake na jiko lake, choo kimoja uani. Anakuja mkusanyaji takwimu na tableti mkononi. Nyumba hii ni yako au umepanga? Mama mwenye nyumba anajibu, ni yangu, na anasema kweli. Kaya ina vyumba vingapi? Kaya ipi, kati ya zile sita? Kijana anabonyeza namba yoyote ili fomu ikubali kuendelea. Ripoti ikitoka, mtaa mzima unaonekana una watu wenye makazi ya uhakika, na mwenye kiwanja huenda ameshatafuta mnunuzi.

Hapo hakuna aliyezembea. Mtunga fomu hakujua kwamba kuna mtu anayeweza kuwa mwenye nyumba na mpangaji kwa wakati mmoja. Mtu aliyekulia mitaa hiyo na akafunzwa kutunga swali angeongeza kisanduku cha tatu, na siku ya kugawa fidia kisanduku hicho kingeokoa kesi nyingi.

Kinachoudhi ni kwamba mtu huyo mara nyingi yupo pale pale. Ndiye aliyeshika tableti. Ana digrii, analipwa kwa siku, haruhusiwi kugusa fomu, na ripoti itaandikwa Nairobi na mshauri aliyelala hotelini Nyali usiku mbili. Hebu fikiria pia SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi. Ilipoanza mwaka 2017 na makontena yakaelekezwa bara kwa treni, tani zilihesabiwa vizuri sana. Wauza chakula wa Changamwe na mafundi wa magurudumu wa Mariakani, walioishi kwa malori, waliishia kuwa habari ya gazeti.

Watetezi wa sanaa wakifika hapa humtaja Ali Mazrui, na kisa chake kwa kweli ni kitamu. Mtoto wa Mombasa, aliyezaliwa 1933, matokeo yake ya Cambridge School Certificate yalikuwa duni hata Makerere ikamkataa. Akawa karani katika taasisi ya ufundi ya Waislamu, MIOME, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor. Gavana Philip Mitchell alimsikia akihutubu, akasaidia apate udhamini wa kwenda Uingereza, na baadaye akawa profesa anayejulikana dunia nzima kwa sayansi ya siasa. Lakini mtu mmoja aliyeokolewa na sikio la gavana hawezi kuwa sera ya elimu. Tukimtaja yeye, tuwataje pia wengi waliohitimu bila gavana kuwasikia.

Kwa maoni yangu idara hizi zipunguze idadi ya wanafunzi na ziongeze ugumu. Takwimu zifundishwe kwenye kompyuta na si ubaoni tu, na kila mwanafunzi awe na muhula mzima mtaani chini ya msimamizi anayemfuata huko. Najua jibu la wakuu wa vyuo: pesa ziko wapi? Vyuo vya umma vina madeni ya mabilioni na wahadhiri hugoma kila baada ya muda kwa malipo yasiyofika. Ni jibu la kweli. Somo hili likifanywa vizuri si rahisi tena, na serikali inayolidharau ndiyo ingepaswa kulilipia.

Kuna pingamizi jingine linalonisumbua zaidi. Shule nyingi za kutwa za Pwani hazina maabara ya maana. Mtoto wa huko akipata C+, ameipata kwa Kiswahili, historia, dini na jiografia, na kozi za sanaa ndizo mlango pekee alioachiwa. Ukizipunguza nafasi hizo kabla ya kujenga maabara Kwale na Tana River, hutakuwa umemhamisha kwenda uhandisi. Utakuwa umemfungia nje. Kwa hiyo ile asilimia 60 ya mkondo wa sayansi itamfaa mwanafunzi ambaye shule yake ina vifaa, na mwenzake wa shule isiyo navyo atahesabiwa tu kwamba hakuchagua sayansi. Hili sijaona wapangaji wakilijibu, na bila jibu hilo siungi mkono kupunguza nafasi hata moja Pwani.

Aliye na barua mkononi leo hawezi kungoja tumalizane. Familia ikiwa haina akiba wala mtu wa kumshika mkono kijana, na idara yenyewe ni ile ya matini ya springi, ningemshauri achukue diploma yenye kazi kwanza, digrii baadaye. La sivyo, aulize kabla ya kulipa: wanafunzi huenda nyanjani mwaka wa ngapi, na kwa wiki ngapi? Tasnifu husomwa na nani? Waliomaliza mwaka jana walipelekwa mafunzo ya kazi wapi? Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, matatu moja tu kutoka mjini. Aende siku ya kazi asubuhi, amtafute mwanafunzi wa mwaka wa nne, amuulize yeye kwanza kabla ya kuingia ofisini.