Nilivyomwozesha Bawabu wa Kanisa Akiwa Usingizini

Kuna kanisa moja upande wa Tudor, Mombasa, ambalo sitalitaja jina, kwa sababu wao bado wananidai radhi na mimi bado nawadai nusu ya pesa yangu. Waliniita niwafunze watu wa ofisi kutumia programu mpya ya kusimamia kanisa: majina ya washirika, zaka, ahadi za ujenzi, ubatizo, vyote mahali pamoja. Siku tatu, saa tatu hadi saa saba, chai juu yao. Ile chai ndiyo iliyonifanya nikubali bila kuuliza maswali. Mahamri na mbaazi za mama wa jikoni pale, hata mwenye kufunga angeomba afungashiwe.

Wanafunzi walikuwa wawili. Mama Katibu, aliyekikalia kiti kile tangu enzi za taipureta, na hadi leo anagonga vitufe kama mtu anayetwanga kisamvu. Na Mzee Mhazini, karani mstaafu wa bandarini, miwani kwenye ncha ya pua, kalamu mbili mfukoni: nyeusi ya pesa zinazoingia, nyekundu ya zinazotoka. Kompyuta yeye huiita tarakilishi, maana mjukuu wake alimwambia ndilo jina lake la shuleni.

Siku ya kwanza hatukuvuka nywila. Mzee aliandika jina la huyo mjukuu, akakitazama kioo, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kijana, nimeandika jina. Imetoa vitone."

"Ni kwa usalama, Mzee. Ili mtu asilione."

"Hata mimi niliyeliandika?"

"Hata wewe."

"Sasa kama jina la mtoto imeligeuza vitone, pesa za Bwana itazigeuza nini?"

Sikuwa na jibu. Tukanywa chai.

Siku ya pili ilikuwa ya zaka. Washirika wengi hutoa kwa M-Pesa, na pale simu inapowaomba namba ya akaunti, kila mtu huandika lililo moyoni. "Zaka." "Zaka ya Juni na Julai." Mmoja aliandika "mguu", basi. Mzee alikuwa na mguu huo daftarini tangu Februari, akiuhamisha ukurasa hadi ukurasa, hajui auweke kwenye shukrani au kwenye maombi. Nikaona nimepata nafasi ya kuonyesha ubingwa. Nikatafuta, nikachuja, nikapanga, feni inazunguka juu yangu na jasho linateremka vilevile. Mama Katibu akasema bila kuinua kichwa: "Huo ni mguu wa yule mama wa Likoni aliyeteleza akishuka feri. Ulishapona. Tia kwenye shukrani."

Ningekuwa na akili, ningefunga laptopu hapo hapo nikawaambia programu yao imeketi kwenye kiti.

Siku ya tatu tukaingiza orodha ya washirika. Mama Katibu alikuwa ameshaipiga yote kwenye jedwali, na jedwali, kama kawaida yake, lilikuwa limeila sifuri ya mbele ya kila namba ya simu. Hilo nalijua, nikalitibu kwa kuweka 254. Halafu tarehe za kuzaliwa: programu imetoka Marekani, kwao mwezi hutangulia siku, kwa hiyo waliozaliwa baada ya tarehe 12 wakakataliwa kama watu wasio na kitambulisho. Hilo nalo nikalitibu. Mzee akaanza kunitazama vizuri. Mama Katibu akaniongezea hamri bila kuombwa.

Kichwa kikavimba. Na mtu aliyevimba kichwa hasomi maandishi madogo.

Kulikuwa na kisanduku kinachouliza kama wenye namba moja ya simu waunganishwe kuwa familia moja. Nikaona ni jambo la busara. Nikakitia alama. Nikawaeleza hata faida yake: baba, mama na watoto, nyumba moja, ujumbe mmoja, gharama moja. Mzee, aliposikia gharama, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa tujaribu kutuma," nikasema. "Lakini tuandike kwa ufupi. SMS moja ni herufi 160, ukizidisha unalipa ya pili." Tukaandika hivi: Bwana asifiwe! Familia yako ya watu hawa bado ina ahadi ya ujenzi ya shilingi hizi. Tunakuombea unapokamilisha. Idadi na kiasi, nikawaambia, programu itajaza yenyewe. Na ilijaza. Nikabonyeza Tuma, nikiamini kwa moyo wangu wote kwamba bado tumo kwenye uwanja wa majaribio.

Tukanywa chai.

Baada ya saa moja hivi, tuktuk ilisimama langoni kwa breki ya ugomvi. Akashuka mwanamke, leso imefungwa kiunoni fundo la kazi, simu mkononi imeinuliwa kama tochi. Ni mke wa bawabu. Bawabu hukesha usiku, mchana hulala nyumbani Kisauni, na simu hubaki kwa mkewe. Bibi yule alikuwa amerukia matatu, akavuka daraja la Nyali, akashuka Buxton, akadaka tuktuk, na bwana bado anakoroma.

"Nani hapa amemwandikia mume wangu?"

Mzee na Mama Katibu wakanitazama mimi. Nikapokea simu, nikasoma. Familia yako ya watu 47. Shilingi 94,000.

Nikahisi mbaazi zikirudi njia zilizokuja.

Mama Katibu akakumbuka kwanza. Wazee wengi hawana simu, na wakiulizwa namba huandikisha ya bawabu, kwa kuwa yeye ndiye anayefungua lango na hakosi kuonana na mtu. Ahadi ilikuwa 2,000 kila mmoja. Programu ilifanya hesabu sahihi kabisa. Nikaanza kumweleza yule mama habari ya kisanduku, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Nataka majina."

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hainiruhusu kumpa mtu majina. Lakini sheria haikuwa mle ofisini imejifunga leso. Nikachapisha.

Akavuta kiti, akaanza kusoma kwa sauti, na Mama Katibu akijibu kama shahidi mahakamani.

"Huyu?"

"Bibi wa miaka 81. Haoni vizuri."

"Huyu?"

"Mjane. Ana vitukuu."

"Huyu?"

"Huyo alishahamia Voi."

Alipofika mwisho wa karatasi akarudi juu, akashuka tena kwa kidole, taratibu. Sauti ikapanda. "Na mimi simo! Watu wote hawa, na mimi simo!"

Kweli hakuwemo. Yeye ana namba yake mwenyewe. Nikajaribu kumwambia hiyo ni heshima, maneno yakakataa kutoka.

Kisha kidole kikasimama katikati ya ukurasa. "Huyu mbona ni mwanamume?"

Akalisoma jina. Feni ikasikika. Mama Katibu, ambaye kwa siku tatu sikumwona akikosa jibu, akageukia ukuta na mabega yakaanza kutikisika. Mzee Mhazini alikuwa ameinamia daftari lake, ameshika kalamu zote mbili kwa pamoja.

"Watu wa ujenzi hupiga simu sana," akasema polepole, "hata wakati wa chakula."

Akatoa pochi, akahesabu 2,000, akajiandikia risiti kwa karatasi ya kaboni, nakala akajipa. Kwa kalamu nyeusi. Mke wa bawabu alitazama shughuli yote hiyo, kisha kicheko kikamshinda. Alicheka hadi akafungua leso ajifute machozi. Mama wa jikoni akamfungashia mahamri ampelekee bwana.

Nilidhani yamekwisha. Jumapili nikapitia pale kufuatilia nusu yangu, nikakuta foleni ya mabibi langoni, mikongojo mkononi, vilemba vimenyooka. Bawabu amejibanza nyuma ya kibanda. Aliye mbele, yule asiyeona vizuri, alikuwa amekinga kiganja.

"Wewe bwana usinifiche sura," anasema. "Nimeambiwa umenioa. Matumizi yangu ya wiki yako wapi?"