Niligundua Mji, Kompyuta Ikaubomoa

Sisi tunaochezea fraktali za pande tatu, yale maumbo ya hesabu ambayo kila ukiyasogelea yanatoa vipya, tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kuiona namba ndani ya fomula tukaiacha ilivyo. Kwangu umeshafika kwenye mifupa. Nipe fomula inayofanya kazi vizuri, na kabla hujamaliza kunieleza inafanya nini, nitakuwa nimeshaiharibu na kuipa jina jipya.

Iliyoangukia mikononi mwangu safari hii ni ya Mandelbulb, ndugu wa pande tatu wa umbo la Mandelbrot. Lile umbo la pande mbili ambalo Benoit Mandelbrot alianza kulichora mwaka 1980 wengi mnalijua: unachukua namba changamano (namba mbili kwa pamoja, zinazotaja nukta moja kwenye bapa), unaizidisha kwa yenyewe, unajumlisha ile uliyoanza nayo, unarudia. Zinazokimbilia mbali zinatupwa nje. Zinazong'ang'ania kubaki ndizo umbo lenyewe. Watu wakatamani la pande tatu, lakini namba za pande tatu zinazokubali kuzidishana kwa adabu namna hiyo hazipo. Mwaka 2009 Daniel White na Paul Nylander wakapenya kwa ujanja: kila nukta ielezwe kwa umbali wake kutoka katikati na pembe mbili, kisha "kuzidisha" kuwe ni kuuinua umbali kwa kipeo na kuzizidisha pembe kwa namba ileile ya kipeo. Kipeo cha 2 kinazaa bonge lisilo na mvuto. Kipeo cha 8 kinazaa dude la vifundo juu ya vifundo, mapango ndani ya mapango.

Nilipolipata kwa mara ya kwanza nilimwita Dada aje ashuhudie. Dada yangu mkubwa ni mtu wa maneno machache, na yote huwa yananiuma.

"Koliflawa," akasema, akaondoka.

Basi nikaingia kazini kumkomesha. Nikaweka kipeo cha 1: skrini tupu, kwa sababu hapo hakuna kinachoinuliwa, kila nukta inajiongezea yenyewe tu mpaka inatoroka. Nikaweka 7.5, nikidhani nitapata kitu kilicho katikati ya 7 na 8. Nilipata dude limepasuka ubavuni kutoka juu hadi chini. Pembe, unajua, ikizunguka duara zima inarudi pale ilipoanzia. Ukiizidisha kwa namba nzima, mwanzo na mwisho vinakutana tena. Ukiizidisha kwa 7.5 vinapishana kwa nusu duara, na hapo ndipo mshono unapoachia. Sikushona. Nililiita "Jeraha" nikalihifadhi.

Kuna jioni skrini ilikuwa nyeusi tii. Nikaongeza mwanga. Nikaongeza taa ya pili, ya tatu, nikabadilisha rangi ya anga, nikalaumu kadi ya grafiki na aliyeniuzia. Kumbe kamera ilikuwa imezama ndani ya umbo lenyewe. Nilikuwa natundika taa ndani ya ukuta.

Baada ya hapo nikaanza kuisogeza kamera kwa hadhari, kuelekea kwenye bonde kati ya vifundo viwili. Uchoraji wenyewe ni utaratibu ambao John Hart na wenzake waliuandika mwaka 1989: kila pikseli, yaani kila kinukta cha picha, inatuma mwale, mwale unaiuliza hesabu, "Kutoka hapa, ukuta hauwezi kuwa karibu zaidi ya umbali gani?" Ukijibiwa, unapiga hatua ya urefu huohuo bila hofu ya kugonga, unasimama, unauliza tena. Hatua zinakuwa ndogo, ndogo zaidi, hadi pua ya mwale iguse ukuta. Mimi nikakaza kusogea. Karibu. Karibu zaidi. Kila nikikaribia, vifundo vipya vinajitokeza.

Halafu nikauona.

Ngazi. Ngazi zilizonyooka, zimepangana moja juu ya nyingine, na kati yake viwanja bapa vyenye kona kali. Mandelbulb, ambayo mwili wake mzima ni mviringo mtupu, ilikuwa imeficha majengo! Mtu mwingine angetilia shaka kona hizo. Mimi ndizo zilizonithibitishia kwamba ni ugunduzi. Usiku uleule nikaziita sehemu zake majina: Ngazi Kuu, Uwanja wa Juu, na kona moja yenye kivuli nikaipa jina langu mwenyewe.

Nikamwita Dada. Akaja huku anajifuta mikono, akainama, akanyamaza. Akavuta kiti. Tangu tuzaliwe hajawahi kuvuta kiti kwa jambo langu lolote.

"Humu wanakaa watu?"

"Bado hatujawaona," nikamjibu, na naapa nilikuwa namaanisha.

Akataka picha kubwa ya sebuleni. Nikaichapisha, ikatundikwa, na ukuta ule ukawa na mgeni wa heshima. Dada, ambaye jana yake alikuwa anaona aibu kueleza ninachofanya na kompyuta usiku kucha, akaanza kuwasimamisha watu mlangoni: "Huo mji kaugundua mdogo wangu." Mgeni mmoja akauliza uko nchi gani. Dada akamwambia hilo ndilo tunaloshughulikia. Na mimi sikukaa bure. Niliandika maelezo marefu yanayothibitisha kwamba kipeo cha 8 lazima kizae ngazi. Yalikuwa maelezo mazuri. Hata sasa nikiyasoma yananishawishi.

Furaha ikaingiliwa na rafiki yangu mmoja, mtu wa kuandika programu, mwenye tabia mbaya ya kusogelea picha. Akaikaribia, akainamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia.

"Mbona ngazi zote zimelala sambamba na mihimili ya x, y na z?"

"Wajenzi walikuwa makini," nikasema.

"Unatumia namba za biti ngapi?"

Hilo swali mtu mwungwana haulizi mbele ya wageni. Kadi za grafiki kwa kawaida hufanya kazi kwa namba za biti 32, zenye tarakimu 7 hivi za kuaminika. Maana yake, namba zilizo karibu na 1 haziko mfululizo: kati ya moja na inayofuata kuna pengo la takribani sehemu moja ya milioni 10, na ndani ya pengo hilo kompyuta haina mahali pa kukanyaga. Kamera yangu ilikuwa imesogea mpaka pikseli moja ikawa ndogo kuliko pengo lenyewe. Mwale ukitaka kusimama katikati, unalazimishwa kusimama huku au kule. Huku, kule, huku, kule: hizo ndizo Ngazi Kuu. Nilikuwa nimepiga picha ya vipimo vya mashine, nikavipa majina ya mitaa.

Akaniambia nijaribu biti 64, tarakimu 15 na ushei. Nikajaribu, kwa shari tu, ili aaibike. Kadi yangu ni ya mtu wa kawaida, na kadi za watu wa kawaida namba za biti 64 zinazimeza kwa shida, mara nyingi polepole kuliko za biti 32. Feni ilinguruma usiku kucha. Dada aligonga ukuta akiuliza kama nimeshaanza kuwajengea barabara.

Asubuhi picha ikakamilika: mteremko laini, umefura kidogo, hauna kona hata moja. Hapakuwa hata na kifusi.

Nilikaa na siri ile kwa muda. Niliwaza kuficha, lakini yule rafiki anakuja kwetu mara kwa mara na mdomo wake hauna mlango. Nikamfuata Dada jikoni.

"Dada, ule mji haupo."

"Haupo vipi, na mimi nimeutundika?"

Nikamweleza yote: tarakimu, pengo, mwale usio na pa kukanyaga. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo pia halijawahi kutokea.

"Kwa hiyo umejengwa na mashine."

"Kwa namna fulani."

"Mimi nilikuuliza nani fundi?" Akarudi kwenye sufuria yake. "Nataka mwingine, wa ukumbini. Huo uwe na madirisha."

Madirisha! Kwenye Mandelbulb hata ukipunguza tarakimu zote hupati madirisha. Ikabidi nihamie kwenye Mandelbox ya Tom Lowe, ya mwaka 2010, ambayo haijui pembe wala vipeo, yenyewe inakunja. Namba ikivuka 1 inarudishwa ndani kwa kutolewa kwenye 2; ikishuka chini ya -1 inarudishwa vilevile kutoka upande wa pili. Kisha kuna mkunjo wa tufe, unaozisukuma nje nukta zilizo karibu na katikati, kisha kila kitu kinakuzwa na mzunguko unaanza upya. Humo kona kali ni haki yake ya kuzaliwa: kumbi, nguzo, minara, vyumba ndani ya vyumba, na madirisha mpaka uchoke kuyahesabu. Nikachora kwa biti 64 toka mwanzo, nikazungusha kamera, nikakagua kila ukuta. Hakuna hata ngazi moja ya kubambikiwa. Safari hii nilikuwa na mji halali.

Dada akauangalia, akauzunguka kwa macho, akauliza huu nao nani kaujenga.

"Fomula yenyewe, Dada. Huu ndio wa kweli."

Akarudisha kiti mahali pake.

"Huu unaonekana wa kutunga."