Sebule za Buganda na maswali kumi ya WhatsApp

Juzi binamu yangu alinitumia jaribio la maswali kumi. Ukimaliza kujibu unaambiwa wewe ni mpenzi wa aina gani: uliyetulia, mwenye hofu au mkwepaji. Akaongeza ujumbe: "Sasa najua kwa nini mume wangu hapokei simu."

Maskini shemeji.

Mafungu hayo hayakuanzia kwenye simu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, mumewe alipopata kazi kule Makerere. Alitokea London, kwa John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili, aliyeshikilia kwamba haja ya mtoto kumng'ang'ania mlezi wake humfuata binadamu mpaka kaburini. Ainsworth akaanza kuzungukia vijiji vya Waganda akiwa na mkalimani: akina mama 26, watoto 28, kila wiki mbili, saa mbili hivi sebuleni, kwa miezi kadhaa. Aliona mtoto anavyotambaa kwenda kuchokonoa vitu, akageuka kuhakikisha mama yupo, akaendelea na safari yake.

Kuna jambo moja aliloligundua ambalo huwa silisahau. Mama aliyeweza kusimulia habari za mwanawe kwa undani, anapenda nini, analilia nini, mara nyingi ndiye aliyekuwa na mtoto aliyetulia.

Baadaye, Baltimore, Marekani, alibuni jaribio la dakika 20 hivi: chumba, vitu vya kuchezea, mgeni, mama anatoka, anarudi, mtoto anatazamwa anavyompokea, kisha anapangwa kwenye fungu lake. Kilichoenea duniani ni hicho chumba. Naelewa, kinarudiwa kwa urahisi na majibu yake yanahesabika. Lakini watafiti walipokipeleka Sapporo, Japani, watoto wengi walilia mno kwa sababu hawakuzoea kuachwa peke yao hata kidogo. Wa kwetu je, anayetoka mgongoni mwa shangazi kwenda mapajani mwa bibi?

Mimi nililelewa na bibi, Tanga, hadi miaka sita. Mama alipokuja kunichukua nilijificha nyuma ya kanga ya bibi, nikagoma hata kumwamkia. Kwa hesabu ya lile jaribio ningeitwa mkwepaji, na mama yangu angelaumiwa bure.

Sisemi nadharia hii ya Bowlby na Ainsworth ni ya uongo. Tena sisi wenyewe tunajidanganya sana na ule usemi wetu kwamba mtoto ni wa wote. Mjini siku hizi "wote" ni dada wa kazi wa miaka kumi na mitano, amechoka, naye kwao hana wa kumuuliza ameamkaje. Mikono mingi husaidia pale ambapo kuna mmoja anayejua mtoto huyu hulala upande gani. Hilo Ainsworth alilipata kwa kukaa na watu, na maswali kumi hayawezi kulipata.

Nikamjibu binamu: "Shemeji alilelewa na nani?"

Wana miaka minane kwenye ndoa. Akachelewa kidogo, kisha akaandika: "Na shangazi yake, nadhani. Ngoja nimuulize akirudi."