Tarehe za kijivu: fomu ya mtandaoni ibane kiasi gani?

Mteja anataka chumba cha hoteli Area C, Dodoma, Alhamisi ijayo. Anafungua fomu kwenye simu, anagusa tarehe, anagusa tena. Imefifia rangi ya kijivu na haibonyezeki. Hakuna maelezo. Vyumba vimejaa, pamefungwa, au ni simu yake? Akipiga simu mapokezi anaambiwa nafasi ipo, "ni mfumo tu." Anayetengeneza fomu ana sababu ya kufunga baadhi ya tarehe, na anayeijaza ana sababu ya kukasirika. Wote wawili wana haki yao, ila si kwa kiwango kilekile katika kila fomu.

Tuanze na wanaobana. Fomu iliyoachwa wazi hupokea chochote: mtu aliyezaliwa mwaka 2062 kwa sababu kidole kiliteleza, safari ya jana, mgeni anayeondoka kabla hajafika. Kosa likishaingia, kulisafisha ni kazi ya mtu mwingine, na mara nyingi mwenye taarifa hapatikani tena. Bunge la bajeti linapokaa Dodoma, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, vyumba hugombaniwa. Kalenda ikiruhusu siku iliyokwisha kujaa, anayeaibika si mtengeneza mfumo. Ni mhudumu wa mapokezi saa nne usiku, mgeni yuko mbele yake na begi mkononi.

Zana yenyewe ni rahisi. Sehemu ya tarehe katika HTML, lugha inayoandikia kurasa za mtandao, ina "min" kwa tarehe ya mwanzo na "max" kwa ya mwisho, na zote huandikwa mwaka kwanza: 2026-07-01. Ukiandika 01/07/2026 kivinjari hakilalamiki. Kinaupuuza mpaka wako kimyakimya, nawe unadhani umefunga. Kipo pia "step", kinachohesabu kwa siku. Tuseme kliniki inapokea wagonjwa Jumatatu tu: ukiweka min ya 2026-01-05 na step ya 7, zinabaki Jumatatu peke yake. Inapendeza, mpaka mtu aje kusogeza min iwe Januari 1. Hesabu huanzia kwenye min, na Januari 1, 2026 ni Alhamisi, kwa hiyo kliniki nzima inahamia Alhamisi bila mtu kugusa kingine chochote.

Hata bila kuguswa, mpango huo unakwama wiki ya pili. Jumatatu ya Januari 12 ni Sikukuu ya Mapinduzi, na ile ya Aprili 6 ni Jumatatu ya Pasaka. Min, max na step haviwezi kutoboa tundu katikati ya kalenda. Hapo ndipo watu huchukua kalenda ya JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, yenye uwezo wa kukataa tarehe mojamoja, na hapo ndipo Mswahili anapojikwaa kwa namna yake: JavaScript huanza juma na Jumapili kama 0, sisi tunahesabu kutoka Jumamosi. Ukiandika 3 ukiwaza Jumatatu, umefunga Jumatano. Miezi nayo inaanzia 0, Januari.

Orodha ya sikukuu ikae kwenye jedwali ambalo karani anaweza kulibadilisha mwenyewe, isizikwe ndani ya msimbo. Nane Nane haihami, lakini Idd hutegemea kuandama kwa mwezi. Fomu iliyofunga Ijumaa miezi mitatu kabla itakuwa imefunga siku ya kazi mwezi usipoonekana, na aliyeijenga huenda simu yake haipatikani siku hiyo.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani mchana. Ili kuzuia tarehe za mbele, wengi huchukua "leo" kwa amri ya JavaScript iitwayo toISOString na kukata herufi 10 za mwanzo. Amri hiyo hutoa saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa, na Tanzania iko mbele kwa saa tatu. Tangu saa sita usiku hadi saa tisa usiku, "leo" ya fomu bado ni jana yetu. Muuguzi wa zamu anayesajili mtoto aliyezaliwa saa saba usiku anaambiwa tarehe hiyo haijafika, naye anaandika ya jana ili kazi iendelee. Mtengeneza fomu akijaribu saa nne asubuhi, kila kitu kiko sawa. Kutegemea saa ya simu ya mtumiaji si dawa pia, maana zipo simu zenye tarehe ya ajabu. Leo ichukuliwe kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea fomu, kwa saa za Afrika Mashariki.

Na seva ndiyo ihukumu. Mipaka ya kivinjari ni ustaarabu tu: mwenye ujuzi kidogo anaifuta kwa sekunde kadhaa, na kivinjari cha zamani huonyesha kisanduku cha kawaida cha maandishi. Kalenda isiyokaguliwa tena kwenye seva ni mlango wenye kufuli na dirisha lililo wazi.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo nadhani uzito ulipo. Mpaka uliobana kupita kiasi haumzuii mtu kukosea, unamfundisha kudanganya. Kwenye fomu ya karatasi karani aliweza kuandika "takriban 1952." Kalenda inadai siku, mwezi na mwaka, ndiyo maana kumbukumbu nyingi zina watu "waliozaliwa" Januari 1. Data inaonekana safi kabisa, na hapo ndipo ilipoharibika. Wengi pia hawajazi wenyewe. Hupeleka karatasi zao kwa kijana wa steshenari, ambaye ana foleni na hana muda wa kubishana na mfumo. Tarehe sahihi ikigoma, anaweka iliyo karibu inayokubalika, anachapisha, anachukua hela yake. Mwenye fomu hajui hata kilichoandikwa.

Tarehe ya kuzaliwa isiwekwe kwenye kalenda ya kubofya kabisa. Mzee wa mwaka 1948 akirudishwa nyuma mwezi mmoja mmoja, mshale unabonyezwa zaidi ya mara 900. Visanduku vitatu vya kuandika, siku, mwezi, mwaka, vinatosha. Mwezi uandikwe kwa jina, kwa sababu simu iliyowekwa Kiingereza cha Marekani husoma 03/04 kama Machi 4. Kama fomu tayari inadai namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 8 za mwanzo kati ya 20 ndizo tarehe ya kuzaliwa. Kuiuliza tena ni kuomba majibu mawili yagongane. Na anayedai umri wa miaka 18 asizidishe 18 kwa 365: siku za miaka mirefu zinasahaulika, na aliyebakiza siku nne anapita.

Kilimo cha hapa kanda ya kati kinaonyesha vizuri jinsi mpaka wa mezani unavyokosana na shamba. Mtama, uwele na alizeti hupandwa mvua zinapoanza, Desemba au Januari, na wapo wanaotupa mbegu kwenye udongo mkavu mapema zaidi wakisubiri mvua. Fomu ya mavuno ya 2026 inayokubali tarehe ya kupanda kuanzia Januari 1 inamfukuza mkulima aliyefanya jambo la kawaida kabisa. Aliyeweka mpaka alifikiria mwaka. Mkulima anafikiria msimu.

Basi la usiku nalo lina fumbo lake, hasa tangu safari za usiku ziruhusiwe tena mwaka 2023. Basi la saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi ni la Jumamosi kwa kompyuta, lakini abiria anafungasha Ijumaa na anabofya Ijumaa. Hapa kufunga tarehe hakusaidii, kwa kuwa zote mbili ni halali. Kinachosaidia ni kumwandikia kabla hajalipa: "Fika kituoni Ijumaa usiku."

Kwa hiyo ningebana kwa ukali penye jambo lisilowezekana: kuondoka kabla ya kufika, kuzaliwa kesho, chumba kilichojaa. Penye jambo lisilo la kawaida fomu iulize, "Una uhakika ni mwaka 1921?" na ikijibiwa ndiyo, ipokee. Penye jambo ambalo mtu mwenyewe halijui, iachie mwaka peke yake, na ihifadhi hivyo hivyo bila kujibunia Januari 1. Hii ina gharama. Jedwali lenye tarehe nusu linasumbua kwenye ripoti, na maswali ya ziada huwachosha wanaojaza kwa haraka. Ofisi inayotuma takwimu kwenye mfumo mwingine unaodai tarehe kamili haina ujanja mwingi. Angalau iongeze safu moja inayosema tarehe hii ni ya makadirio.

Tarehe yoyote iliyofungwa iseme sababu pale pale kidole kinapogusa: "Jumatatu, Januari 12 tumefunga kwa Sikukuu ya Mapinduzi. Siku inayofuata yenye nafasi ni Januari 19."