Kauli ya Mama kwenye Kaunta ya Polisi

Huu ni mwaka wangu wa tisa Uingereza, na kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa katika wodi ya akili, ambako baadhi yao huletwa kutoka magerezani. Mmoja wao, kwa wiki mbili nzima, kila alipofika kwenye mlango ulio wazi alisimama kando, mikono nyuma, akisubiri afunguliwe.

Nikimwona, nilimkumbuka mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, tuliyekua pamoja Ngamiani, Tanga. Alikuwa akihudhuria kliniki ya akili katika hospitali ya Bombo na kumeza dawa kila usiku, hadi siku aliyokamatwa kwa kuvunja kioo cha duka. Mama mdogo alimfuata kituoni na hotipoti ya wali, na katika pindo la khanga alikuwa amefunga dawa na karatasi ya kliniki. Askari wa zamu alimtaka auonje wali kwanza, kama ilivyo desturi, kisha akaupokea. Dawa alizikataa, akisema hawezi kumpa mahabusu vidonge asivyovijua, na katika hilo simlaumu. Ninachomlaumu ni kwamba hakuandika popote kuwa mama huyu amekuja, ameonyesha karatasi, na amesema mwanawe ni mgonjwa. Kijana akakaa rumande miezi minne bila dawa, akijibizana na ukuta, wenzake wakiamini amepandwa na mashetani, mpaka hakimu alipoyasikia majibu yake na kuamuru apelekwe hospitali ya akili ya Isanga, Dodoma, akachunguzwe.

Huku Uingereza mfungwa huulizwa na muuguzi kuhusu afya yake siku ileile anayoingia gerezani. Akionekana anahitaji hospitali, mwongozo unataka ahamishwe ndani ya siku 28, ingawa muda huo huvunjwa mara nyingi, na wapo wanaosubiri kuhamishwa wakiwa wamefungiwa peke yao sehemu kubwa ya siku. Kuna pia wafungwa wanaofunzwa na shirika la Samaritans kuwasikiliza wenzao waliokata tamaa, utaratibu ulioanzia gereza la Swansea mwaka 1991, nami natamani sana uigwe kwetu.

Hata hivyo, fomu ya muuguzi humuuliza mgonjwa mwenyewe, na mtu anayesikia sauti anaweza kujibu kwa utulivu kabisa kwamba hana tatizo lolote. Anayejua ukweli ni aliyeishi naye, na wagonjwa wengi ninaowapokea hawana wa kuwasemea. Kwetu msemaji huyo yupo, tena huja mwenyewe, kwa miguu, siku ya kwanza.

Kanuni za Mandela kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema mwenye ugonjwa mkali wa akili hapaswi kuwekwa gerezani ikiwa kukaa humo kutamzidishia ugonjwa. Mkoa wetu una hospitali ya Lutindi, inayowatunza wagonjwa wa akili tangu 1904, kwa hiyo maradhi haya si mageni kwetu. Ombi langu ni dogo: kauli ya ndugu kuhusu ugonjwa wa mahabusu iandikwe siku anayokamatwa, na hakimu asomewe mara ya kwanza kijana anapofikishwa mbele yake.

Mdogo wangu alirudi kutoka Dodoma ametulia. Dawa anayomeza sasa ni ileile iliyoandikwa kwenye karatasi aliyorudi nayo mama mdogo siku ile.