Kifo cha Jason Blossom na nadharia zilizokwama mtoni

Hapa Dodoma, hasa katika mitaa ya Ng'ong'ona na Makulu iliyojaa wanafunzi wa chuo kikuu, tamthilia ya Riverdale haikutufikia kama ilivyowafikia Wamarekani. Wao walianza kuitazama tarehe 26 Januari 2017 kupitia kituo cha The CW, sehemu moja kwa wiki, hivyo walikuwa na siku nzima nzima za kubishana kabla ya kuongezewa kidokezo kingine. Wengi wetu tuliwekewa msimu wa kwanza wote, sehemu 13, kwenye flashi, na mabishano yakafanyika usiku baina ya sehemu moja na nyingine, huku yule aliyekwisha kuumaliza akiombwa anyamaze au atoke nje. Nadharia nilizozisikia katika mabishano hayo kuhusu nani aliyemuua Jason Blossom, kijana wa familia tajiri katika mji wa Riverdale, zilikuwa nyingi na nyingine zilikuwa za kuchekesha, lakini naona zilianguka kwa sababu moja: watazamaji waling'ang'ania mahali maiti ilipopatikana, wakaipuuza siku ya kifo. (Anayekusudia kuitazama tamthilia hii aishie hapa, kwa sababu nitamtaja muuaji.)

Alfajiri ya tarehe 4 Julai, Jason na pacha wake Cheryl wanapanda mtumbwi katika mto Sweetwater. Cheryl anarudi peke yake akidai kwamba kaka yake amezama, na baadaye maiti inaonekana kando ya mto ikiwa na tundu la risasi kwenye paji la uso. Kuanzia hapo kila mtu alikuwa na mtuhumiwa wake. Waliomshuku Cheryl walikuwa na hoja, kwani alidanganya na hata akatamka mbele ya wenzake kwamba ana hatia. Waliomshuku Dilton, mwanafunzi mwenzao, walishikilia mlio wa bunduki uliosikika asubuhi ile. Uchunguzi wa maiti, hata hivyo, ulionyesha kwamba Jason alikufa wiki moja baadaye. Taarifa hiyo ilipaswa kuzifuta nadharia zote zilizojengwa juu ya asubuhi ya mtoni, maana ajali ya mtumbwi ilikuwa maigizo ya mapacha wawili ili Jason apate kutoroka na mpenzi wake Polly Cooper, aliyekuwa mjamzito, na mlio ule ulikuwa wa Dilton akifanya mazoezi ya shabaha. Ajabu ni kwamba hata baada ya sehemu hiyo nilikutana na watu waliokuwa bado wanapima umbali kati ya mtumbwi na msitu.

Nadharia mbili zilistahili heshima. Ya kwanza ilimhusu FP, baba yake Jughead, mmoja wa vijana wakuu wa tamthilia, ambaye polisi walikuta bunduki nyumbani kwake. Mtazamaji makini alikumbuka kwamba Archie na Veronica, rafiki zake Jughead, walikuwa wamepekua nyumba hiyo hiyo muda mfupi kabla na hawakuona silaha yoyote, kwa hiyo ilikuwa imepandikizwa, na mwenye kuipandikiza alikuwa na uwezo na sababu ya kumtupia mzigo mtu maskini mwenye rekodi mbaya. Ya pili ilimhusu Hal Cooper, baba yake Polly, ambaye aliichukia familia ya Blossom waziwazi na akaiba nyaraka za uchunguzi nyumbani kwa mkuu wa polisi. Waliomshuku Hal walikosea kesi lakini hawakumkosea mtu: msimu wa pili ulimfichua kuwa muuaji wa watu wengine.

Aliyempiga Jason risasi alikuwa baba yake mzazi, Clifford. Sehemu ya 12 inatuonyesha vijana wakikuta flashi ndani ya bitana ya jaketi la Jason, na video iliyomo inamwonyesha kijana amefungwa kwenye kiti na baba yake akimfyatulia. Kikulacho ki nguoni mwako, na sidhani kama methali hiyo imewahi kutimia kwa maana zake zote mbili kama ilivyotimia hapo. Kwa nini wengi hatukumshuku? Nadhani tulimtazama kwa macho ya msibani, ambako baba wa marehemu hukaa mbele, hupewa pole na haulizwi alikuwa wapi. Waandishi walilijua hilo na wakamficha katika kiti cha mfiwa, jambo ambalo nawapongeza kwalo, kwa kuwa hawakumleta mgeni dakika za mwisho.

Lawama yangu iko kwenye sababu ya mauaji. Clifford anakutwa amejinyonga ghalani, miongoni mwa mapipa ya sharubati ya mti wa maple ambayo ndani yake mlifichwa heroini, na hivyo hakuna anayemhoji. Jirani yangu anashikilia kwamba aliua kutokana na ujauzito wa Polly, kwa sababu familia ya Cooper ina asili ya damu ya Blossom na uhasama wao ulianza na babu aliyemuua ndugu yake. Mimi sikubaliani naye, kwa ushahidi wa ndani ya tamthilia yenyewe. Jason alikuwa amekubali kusafirisha dawa za kulevya ili apate nauli ya kutoroka, hivyo alikuwa karibu sana na biashara ambayo baba yake aliificha nyuma ya mapipa, na mrithi aliyeigundua siri hiyo kisha akataka kuondoka mjini alikuwa hatari kuliko mrithi aliyempa binti wa jirani mimba. Isitoshe, baada ya mazishi, ni Clifford na mkewe hao hao waliomkaribisha Polly kuishi nyumbani kwao, wakisubiri wajukuu kwa hamu. Mtu aliyemuua mwanawe kwa sababu ya ujauzito asingemtayarishia chumba mwenye ujauzito huo.