Jua Lenyewe Ndilo Hili

Jamani, hivi nani aliwadanganya watu wa nyanda za juu kwamba jua ni kitu cha kutamani?

Mimi ni mtu wa Makete. Kwetu mwezi wa sita na wa saba unaamka unakuta umande umeganda juu ya majani, viazi vimeungua shambani kwa baridi, na suala la kuoga linaitishiwa kikao. Nilikua nikiomba jambo moja tu: kuishi mahali ambapo mtu anakanyaga sakafu asubuhi bila kupiga yowe. Basi nikashuka Dar. Wakinga wenzangu wakishuka Dar wanafungua maduka Kariakoo. Mimi nilifungua shati, na sijalifunga hadi leo.

Nikipiga simu nyumbani, baba mdogo ananiuliza, "Huko jua lipo?" Lipo, baba mdogo. Lipo mpaka usiku. Jua la Dar linazama saa kumi na mbili na nusu, lakini joto lake haliondoki nalo. Linabaki ndani ya tofali za saruji, linasubiri mzime taa mlale. Januari na Februari ndiyo balaa: saa nane za usiku unageuza mto upate upande wa ubaridi, unakuta upande huo nao umeshachemka. Halafu kikija kipupwe utawaona waswahili wa Pwani wamevaa majaketi, bodaboda kalivaa lake mbele nyuma, anatetemeka, "Bosi, leo baridi!" Nyuzi 20! Kwetu nyuzi 20 ni sikukuu.

Lakini joto peke yake ningelivumilia. Tatizo ni shemeji.

Huyu ni mdogo wake Mama Neema. Alikuja kusalimia. Bado anasalimia. Kazi hana, ila ana bisibisi na ana bando, na hakuna chombo ndani ya nyumba yangu ambacho hakijapasuliwa. Alianza na feni. Ilikuwa inazunguka polepole, akasema kapasita imechoka, na kwa kweli hapo alipatia. Akaweka nyingine. Sasa ukiiweka namba moja inakimbia, ukiiweka namba tano inakimbia vilevile, na ukiizima inatafakari kwanza. Kutoka hapo akaingia kwenye pasi, kisha rimoti, kisha brenda ya dada yake, na huko kwenye brenda sitaki kufika kwa sababu nyumba ililala kimya siku hiyo.

Halafu akaja na hoja yake kubwa. "Shemeji, Mungu katupa jua bure. Kwa nini tununue umeme?"

Hoja yenyewe haina kasoro, ndiyo maana ilinipata. Na umeme nchini upo, hilo nisibishe. Bwawa la Nyerere kule Rufiji peke yake ni megawati 2,115. Shida ni kwamba hadi ufike kwangu Kimara, lazima upite kwenye transfoma moja iliyojificha chini ya mwembe, na tone la kwanza la masika likigusa lile jani la mwembe, umeme unakumbuka Rufiji na kurudi. Ukirudi tena, unakuja kwa hasira, unaondoka na friji. Kwa hiyo nikatoa hela. Wakaenda Kariakoo, wakarudi na paneli, betri na inveta. Vyote original. Kariakoo kila kitu ni original, hata kile ambacho jina la kampuni limeandikwa kwa kukosewa herufi.

Sasa sikilizeni ufundi.

Shemeji alitazama video. Mzungu mmoja mwenye sweta, nyuma yake nyumba yenye bomba la moshi, anasema paneli ielekezwe kusini na isimamishwe vizuri. Shemeji akapanda juu ya bati, akaielekeza kusini, uso kwa Mbagala, akaisimamisha kama mgongo wa kiti. Ilikuwa mwezi wa sita.

Nikamwambia, shem, huyo bwana amevaa sweta. Mwangalie. Yeye yuko juu ya ikweta, mbali sana, jua lake linapita kusini kwake tena kwa chini chini. Sisi tuko karibu nyuzi saba tu chini ya ikweta. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka karibu wa kumi jua letu la mchana linapita upande wa kaskazini, na miezi mingine halituachi mbali, liko utosini pale pale. Hiyo paneli umeigeuzia jua mgongo.

Akanitazama kwa huruma. "Shemeji, huyu ana wafuasi milioni mbili. Wewe una wangapi?"

Basi tukakaa na umeme wa jua usiotaka kuliona jua. Taa mbili zinawaka mpaka taarifa ya habari, zinaaga. Aliyetuokoa ni mzee wa nyumba ya nyuma, ambaye ujana wake aliumalizia kufunga sola kwenye zahanati za vijijini. Alichungulia juu ya ukuta, akacheka mpaka akashika nguzo, kisha akaamuru ilazwe karibu tambarare, iinamie kaskazini kidogo tu ili mvua iweze kuiosha. Shemeji akatii. Mzee hana wafuasi, ila ana ngazi.

Huyo mzee ndiye aliyenieleza jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Alisema paneli inapimwa nguvu zake kiwandani ikiwa na joto la nyuzi 25. Ikizidi hapo, kwa kila nyuzi moja inapoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu zake. Sasa juu ya bati la Kimara, saa saba mchana wa Februari, paneli inafika nyuzi 60 bila kutoa jasho. Piga hesabu. Zaidi ya moja ya kumi ya hela yangu inayeyuka, tena pale ambapo jua ni kali kuliko wakati wote!

Yaani paneli inataka mwanga, haitaki joto. Ingepata raha kweli kule Makete, kwenye jua la asubuhi lenye baridi. Mimi nimetoroka Makete kufuata jua, na mashine ya jua inataka ipelekwe Makete. Betri nayo, anasema mzee, joto linaifupishia maisha. Katika nyumba nzima mwenye kulipenda joto hili ni mbu.

Na msidhani hapo ndiyo mwisho, kuna kunguru. Wazee wao waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, eti wasafishe taka. Sasa wanasafisha sabuni zangu uani, na paneli yangu wameifanya kijiwe. Kunguru mmoja akishusha mzigo wake mahali pamoja, hapo pakifunikwa umeme wa safu nzima unabanwa. Kwa hiyo kila asubuhi mimi, mtu mzima mwenye familia, napanda ngazi ya kuazima na dekio.

Juzi shemeji amekuja na wazo jipya: tufunge hita ya maji ya jua. Hita! Tuna simtanki jeusi juu ya mnara, saa nane mchana ukifungua bomba la baridi unapata maji ya kukorogea uji. Sisi tunaoga usiku wa manane tukitafuta maji yaliyopoa, yeye anataka kuyaongezea moto.

Mama Neema kachoka. Anasema tuhamie Dodoma: serikali ipo huko, treni ya umeme inafika chini ya saa nne tangu 2024, na usiku kunapoa mpaka mtu anajifunika shuka. Mimi nikaanza kulainika. Usiku wa kujifunika shuka, nyie!

Shemeji alikuwa kwenye kochi anapasua redio. Akainua kichwa. "Dodoma ndiyo yenyewe, shemeji. Mvua kidogo, mawingu machache, paneli itapiga kazi."

Nikamwuliza, "Na wewe nani kakwambia unahamia?"

"Sasa sola nani ataifungua huku na kuifunga kule?"

Nikamtazama Mama Neema. Mama Neema akaitazama redio. Na huyo shemeji keshatoka nje, namsikia uani anamwita mzee wa nyuma, anaomba ngazi.